Ng’ombe akigeuka takataka: kusaka hitilafu unapotoka mikondo ya baiti kwenda mikondo ya herufi

Kiswahili kinaificha hitilafu hii vizuri mno. Herufi zote tunazoandikia zimo ndani ya ASCII, jedwali la msingi la herufi za kompyuta, na kila moja inachukua baiti ileile moja, iwe katika usimbaji (kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) wa UTF-8, wa Windows-1252 au wa ISO 8859-1. Kwa hiyo programu ya Java inayogeuza baiti kuwa herufi kwa njia mbovu inaweza kutumika Dar es Salaam mwaka mzima na asitokee wa kulalamika. Mwenzetu wa Paris angeiona siku ya kwanza, kwenye é ya kwanza. Sisi tunaiona siku ng'ombe anapoingia kwenye faili.

Ng'ombe namtaja kwa makusudi. Chukua mfumo wa kawaida wa hapa mjini: orodha ya mifugo inayotoka mnada wa Pugu kwenda machinjio ya Vingunguti, au orodha ya wateja wa duka la jumla Kariakoo. Mtu anaandika ng'ombe, Mang'ula, au jina la ukoo linaloanza na Ng'w, kwenye Word au kwenye iPhone, na chombo kinaipinda ritifaa, ile alama inayofuata ng, bila kumwuliza. Ritifaa iliyonyooka, kwa namba yake ya Unicode, ni U+0027: baiti moja, 27 kwa heksadesimali. Iliyopinda ni U+2019: katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, na katika Windows-1252 ni baiti moja, 92. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na baiti hizo nne.

## Kabla ya yote, tazama baiti

Usianze na msimbo. Notepad, Excel na hata terminali zinasimbua, yaani zinageuza baiti kuwa herufi, kabla ya kukuonyesha, na kila moja inakisia kivyake. Amri ya `xxd` haikisii, inaonyesha baiti zenyewe kwa heksadesimali. Elekeza `xxd mifugo.csv` kwenye faili lenyewe utafute mahali panaposomeka "ng". Utakuta moja kati ya haya:

```
6e 67 27 6f 6d 62 65          ASCII, ritifaa iliyonyooka
6e 67 92 6f 6d 62 65          Windows-1252, iliyopinda
6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65    UTF-8, iliyopinda
```

Hapo unajua faili lina nini, na ubishi wa nani kaharibu unapata pa kuanzia. Faili likiwa zima, kosa liko kwenye kusoma. Likiwa limeshaharibika, rudi nyuma kwa aliyeliandika.

Java 1.0 ilikuwa na InputStream na OutputStream tu, yaani mikondo ya baiti. Reader na Writer, mikondo ya herufi, ziliingia na toleo la 1.1, mwaka 1997, ili maandishi yasiyo ya Kiingereza yashughulikiwe ipasavyo. `read()` ya InputStream inarudisha namba kati ya 0 na 255. Ya Reader inarudisha kati ya 0 na 65535. Zote hutoa -1 mkondo ukiisha. Aina inayorudishwa ni ileile, int, na hapo ndipo kompaila inapokuacha peke yako: ukiilazimisha baiti kuwa char hupewi onyo lolote. Kiungo halali kati ya pande hizo mbili ni InputStreamReader wakati wa kusoma na OutputStreamWriter wakati wa kuandika. Ni hapo ndipo usimbaji unapotakiwa kutajwa, tena kwa jina lake.

## Unaona ngâ€™ombe

Mhasibu atakuuliza, "Kaka, hii alama ya euro kwenye ng'ombe imetoka wapi?" Imetoka kwenye baiti 80. Faili ni UTF-8, lakini msomaji amelisoma kama Windows-1252, ambamo E2 ni â, 80 ni € na 99 ni ™.

Mtuhumiwa wa kwanza ni `new FileReader("mifugo.csv")`. Mtu amehama kutoka FileInputStream, ameona neno Reader, akaamini kazi imekwisha. Hadi Java 17, FileReader isiyotajiwa usimbaji ilichukua ule wa mfumo wa kompyuta, na kwenye Windows za ofisi zetu nyingi huo ni Windows-1252. Ndiyo maana programu inapita salama kwenye Linux ya aliyeitengeneza na kuharibika kwa mteja. Tangu Java 18, Machi 2022, UTF-8 ndiyo chaguo-msingi kila mahali. Hata hivyo usiitegemee, maana hujui mteja atakuendeshea kwenye Java ipi. Andika:

```java
try (BufferedReader msomaji = new BufferedReader(
        new InputStreamReader(
            new FileInputStream("mifugo.csv"),
            StandardCharsets.UTF_8))) {
    String mstari;
    while ((mstari = msomaji.readLine()) != null) {
        shughulikia(mstari);
    }
}
```

Ukiwa na Java 11 au zaidi, FileReader nayo inapokea usimbaji moja kwa moja: `new FileReader("mifugo.csv", StandardCharsets.UTF_8)`.

Kuna ndugu yake anayefanana naye kwa mbali: unaona ngâombe, â peke yake bila euro. Usiwachanganye, kwa sababu chanzo ni kingine kabisa. Pima urefu wa neno kwa `length()`. Ukipata 9 badala ya 7, zile baiti mbili zingine zipo, ila zimekuwa herufi za udhibiti zisizoonekana. Hiyo ni alama ya ISO 8859-1, na mara nyingi hakuna aliyeichagua. Imetokana na mzunguko huu wa zamani:

```java
int b;
while ((b = ingizo.read()) != -1) {
    matokeo.append((char) b);
}
```

Kila baiti imelazimishwa kuwa herufi moja. Mzunguko huu uko kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni, na kwa maandishi ya ASCII unatoa jibu sahihi kila mara, ndiyo maana unadumu. Ukiukuta, uondoe hata kama hakuna aliyelalamika bado.

Na ukiona ngÃ¢â‚¬â„¢ombe, maandishi yamesomwa vibaya, yakahifadhiwa hivyo kwa UTF-8, kisha yakasomwa vibaya mara ya pili. Hapa kurekebisha msomaji hakutoshi, kwa sababu data yenyewe kwenye hifadhi imeshachafuka mara moja. Mara nyingi inarudishika kwa kupita njia ileile kinyumenyume:

```java
String safi = new String(
    chafu.getBytes(Charset.forName("windows-1252")),
    StandardCharsets.UTF_8);
```

Tahadhari mbili, na zote nazisisitiza. Kwanza, usiipitishe kwenye jedwali zima. Mstari ambao tayari ni mzima utageuzwa kuwa baiti 92, na 92 ikisimama peke yake si UTF-8 halali, kwa hiyo utaharibu kilichokuwa kizuri. Chagua mistari yenye â€ tu. Pili, alama ya kufunga nukuu, ”, ni E2 80 9D, na Windows-1252 haina herufi kwenye nafasi ya 9D. Java inaipoteza papo hapo inaposoma. Ng’ombe atapona, nukuu ya kufunga haitarudi. Weka nakala ya data kabla ya kugusa chochote.

## Unaona alama ya kuuliza, au almasi nyeusi

Watu huzihesabu ? na � kuwa kitu kimoja. Kila moja inakuambia herufi ilipotelea upande gani.

� ni U+FFFD. Inazaliwa wakati wa kusoma: msimbuaji amekuta baiti asizozielewa, akaweka mbadala. Alama ya kuuliza ya kawaida, 3F, inazaliwa wakati wa kuandika: herufi ilikuwa nzima ndani ya programu, lakini usimbaji wa kutokea haukuwa na nafasi yake.

Idadi nayo inasema. Ng�ombe, moja: faili lilikuwa Windows-1252 likasomwa kama UTF-8. Hii hutokea sana mtu anapohifadhi kwa "CSV" ya kawaida ya Excel badala ya "CSV UTF-8". Ng���ombe, tatu, na kila ritifaa iliyopinda kwenye faili imekuwa hivyo: faili ni UTF-8, limesomwa kama US-ASCII. Ng?ombe, moja: ulisoma vizuri ukaandika kwenye ASCII au ISO 8859-1. Ng???ombe: kuna makosa mawili yanayofuatana, la kusoma kisha la kuandika, na ukirekebisha moja tu utahamisha dalili badala ya kuiondoa.

US-ASCII inatoka wapi wakati hakuna aliyeiomba? Karibu kila mara ni seva ya Linux. Ukiiendesha programu kwa mkono, terminali yako ina LANG (kigezo cha lugha na usimbaji) iliyowekwa, kwa mfano en_US.UTF-8. Ikiendeshwa na cron, kipanga-ratiba cha Linux, saa nane usiku, au ndani ya kontena, LANG haipo, na Java ya kabla ya 18 inaangukia US-ASCII. Unaijaribu mchana inakubali, usiku inaharibu. Uliza Java yenyewe, kutoka ndani ya mazingira yaleyale inamoharibikia:

```
java -XshowSettings:properties -version 2>&1 | grep encoding
```

Kwenye Java 18 kwenda mbele kuna mtego mdogo: mafaili yanatoka sawa, lakini kwenye logi bado unaona ng?ombe. System.out haifuati chaguo-msingi jipya. Inafuata usimbaji wa terminali, au wa mfumo pasipo na terminali. Tangu Java 19 unaweza kuanzisha programu na `-Dstdout.encoding=UTF-8`. Usiende kufukua msimbo wa kusoma faili kwa ajili ya logi. Tazama baiti za faili lililotoka kwanza.

U+FFFD ikishahifadhiwa inakuwa EF BF BD, na hakuna njia ya kujua zamani ilikuwa nini. Inabidi urudi kwenye faili la asili. Ndiyo sababu napendelea msomaji anayegoma kuliko anayebahatisha. InputStreamReader ukiipa Charset inaweka mbadala kimyakimya. Ukiipa msimbuaji kamili, inatupa MalformedInputException:

```java
new InputStreamReader(ingizo, StandardCharsets.UTF_8.newDecoder())
```

`Files.newBufferedReader` na `Files.readAllLines` zinagoma vivyo hivyo. Kuna wanaohamia kwenye hizo, wanakutana na "Input length = 1", kisha wanarudi kwenye msimbo wa zamani kwa sababu "ulikuwa unafanya kazi". Haukuwa unafanya kazi. Ulikuwa unakula majina ya watu bila kutoa taarifa. Mteja anayeitwa Ng'wandu ana haki ya risiti yenye jina lake. Acha programu isimame, itaje faili na mstari, kisha faili lihifadhiwe upya au ligeuzwe kwa `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8`.

## Faili dogo sawa, kubwa linaharibika sehemu moja

Almasi mbili au tatu mahali pamoja, kwenye faili la megabaiti kadhaa, na ritifaa zingine zote ziko sawa. Ukiongeza mstari mmoja juu, kosa linahama. Data ikitoka kwenye mtandao badala ya diski, linahama hata bila kugusa kitu. Tafuta kitu kama hiki:

```java
byte[] bafa = new byte[8192];
int n;
while ((n = ingizo.read(bafa)) != -1) {
    matokeo.append(new String(bafa, 0, n, StandardCharsets.UTF_8));
}
```

Aliyeandika amefanya karibu kila kitu sawasawa, hata usimbaji ameutaja. Lakini E2 imeangukia baiti ya mwisho ya bafa (hifadhi ya muda ya kusomea), na 80 99 zimeingia kwenye bafa inayofuata. Kila String inasimbuliwa kivyake, kwa hiyo hakuna upande wenye ritifaa kamili. Kwenye socketi, yaani muunganisho wa mtandao, `read` inarudisha kiasi kilichofika, si lazima 8192, na ndiyo maana mpaka wa kukata unabadilika kila mara.

Majaribio ya kawaida hayalipati kosa hili. Ukitaka kulichochea makusudi, andika faili lenye herufi "a" 8191, kisha ’, kisha maneno machache. Hapo bafa ya kwanza inaishia kwenye E2. Weka jaribio hilo kwenye mradi libaki humo.

Tiba ni InputStreamReader, ambayo huzishikilia baiti zilizobaki hadi wenzao wafike. Faili likiwa dogo, `readAllBytes()` ya Java 9 kisha String moja ya jumla inatosha.

## Picha na PDF hazifunguki tangu mhame

Hapa uhamaji umevuka mpaka. Mtu ameagizwa "tumia Reader badala ya InputStream", akabadilisha kila mahali, pamoja na pale panaponakiliwa picha za vitambulisho. Faili la PNG huanza na 89 50 4E 47. Baiti 89 haiwezi kuanzisha herufi ya UTF-8, kwa hiyo nakala inaanza na EF BF BD 50 4E 47, na jambo hilohilo linajirudia kwenye faili zima. Dalili nyingine ni ukubwa: nakala inakuwa nzito kuliko asili, maana baiti moja mbovu imezaa tatu.

Faili la .xlsx linahadaa zaidi. Ni zip, linaanza na 50 4B 03 04, ambazo zote ziko ndani ya ASCII, kwa hiyo kichwa kinabaki kizima na uharibifu unakaa ndani. Usiridhike na kutazama mstari wa kwanza wa `xxd`, linganisha ukubwa.

Kisicho maandishi kibaki kwenye mkondo wa baiti. `Files.copy` au `transferTo` zinatosha, na hakuna usimbaji wa kutaja.

## Safu ya kwanza haipatikani ingawa unaiona

Kichwa cha CSV kinasema `jina,idadi,tarehe`. Programu inasema hakuna safu inayoitwa jina, lakini idadi na tarehe inaziona. Faili limetoka kwenye "CSV UTF-8" ya Excel, ambayo huweka EF BB BF mwanzoni. Java haiziondoi, zinakuwa U+FEFF, herufi isiyoonekana, iliyogandamana na neno la kwanza. Kwenye mstari wa kwanza peke yake:

```java
if (mstari.startsWith("\uFEFF")) mstari = mstari.substring(1);
```

Ukiandika CSV itakayofunguliwa kwa Excel, huenda ukahitaji kuziweka wewe mwenyewe, la sivyo Excel italisoma faili lako kama Windows-1252 na mhasibu ataona tena euro.

## Faili la kutoka ni tupu, au limekatwa mkia

Hukufunga Writer. BufferedWriter na OutputStreamWriter zina bafa zao, na kilichobaki humo hakifiki kwenye diski hadi `flush()` au `close()`. Tumia try yenye mabano kama nilivyoandika juu. Funga wa nje kabisa. Atawafunga wa ndani mwenyewe.

## JSON inakatika herufi chache kabla ya mwisho

Upande wa pili unapokea ujumbe usio na mabano ya kufunga, na ni kwa baadhi ya wateja tu. Tafuta mahali `Content-Length` inapohesabiwa kwa `ujumbe.length()`. Hiyo ni idadi ya herufi, na kichwa cha HTTP kinataka baiti. "ng’ombe" yenye ritifaa iliyopinda ni herufi 7 na baiti 9, kwa hiyo kila ritifaa ya namna hiyo inakata baiti mbili za mwisho. Geuza kuwa baiti kwanza, pima urefu wa hizo, kisha zitume hizohizo.

Upande wa kupokea una kosa linalofanana nalo: kusoma vichwa kwa BufferedReader, halafu kurudi kwenye InputStream ya chini kusoma kiini. Reader imeshavuta baiti nyingi kuliko ulizoomba, na kiini kimo ndani ya bafa yake. Utasubiri kitu ambacho kimeshafika. Mkondo mmoja uwe na msomaji mmoja, mwanzo hadi mwisho.

## Kila kitu sawa, lakini kutafuta ng'ombe hakuleti kitu

Umeshatengeneza mikondo yote, baiti ziko safi, na bado karani akiandika ng'ombe kwa kibodi ya kompyuta hapati mistari iliyoandikwa kwa simu. Sasa si tatizo la usimbaji. 27 na E2 80 99 ni herufi mbili tofauti, zote halali, na `equals` iko sahihi kuzitofautisha. Darasa la Normalizer, linalosawazisha herufi za Unicode, halitakusaidia, kwa sababu Unicode haizihesabu kuwa sawa kwa namna yoyote.

Kwa maandishi ya Kiswahili naona ni afadhali kuzinyoosha zote mahali pa kuingilia, baada tu ya kusoma, kabla data haijafika kwenye hifadhi. Usisahau U+2018, kwa sababu wengine hupata ile ya kufungua, na U+02BC:

```java
static String nyoosha(String s) {
    return s.replace('\u2019', '\'')
            .replace('\u2018', '\'')
            .replace('\u02BC', '\'');
}
```

Usiipitishe kwenye barua au makala za watu, ambamo nukuu zilizopinda zimewekwa kwa makusudi. Ipitishe kwenye majina, maeneo na aina za bidhaa.

Faida yake inaonekana pia kwenye bili ya meseji. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya GSM ya biti 7, ambamo SMS moja inabeba herufi 160. Iliyopinda haimo, na ikiwemo moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, ambamo SMS moja inabeba herufi 70. Ujumbe wa herufi 120 unaomwambia mfanyabiashara kwamba ng’ombe wake wamefika Vingunguti unakuwa SMS mbili badala ya moja. Kwa hiyo ripoti ya mtoa huduma ikionyesha SMS nyingi kuliko wateja uliowatumia, ipitishe violezo vyako vya meseji kwenye `nyoosha` kabla ya kumpigia simu.